Mlango Usio na Komeo

Asubuhi ya Jumatatu Safiyya alichota maji mtungini, akanywa funda moja, akalitema palepale sakafuni. Yalikuwa ya chumvi.

Tuelewane. Maji ya visima vya Chula, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia, yana chumvichumvi, na watu wa kisiwa hicho wameyanywa miaka nenda miaka rudi bila kulalamika. Lakini hii ilikuwa chumvi ya bahari yenyewe, kali ya kuchoma koo, na chini ya kikombe kulibaki mchanga mweupe. Mtungi alikuwa ameujaza yeye mwenyewe jana yake, kwa maji ya mvua kutoka birika la msikiti, akaufunika kabla ya magharibi na kusema bismillahi kama mama yake alivyomfundisha. Kifuniko kilikuwa mahali pake.

"Sabir," alimwita mumewe. "Nani ametia mai ya pwani mtungini?"

Sabir alikuwa amekaa kizingitini akifungua mafundo ya mshipi wa kuvulia. "Utakuwa wewe. Jana ulikwenda birikani ukisinzia. Mchu akitembea usingizini hajui achotapo."

Siku nyingine angemjibu, tena angemjibu vizuri, maana ulimi wa Safiyya haukuwa na kutu. Siku hiyo aliubeba mtungi nje aumwage, na hapo ndipo alipoiona njia ya kasa.

Kasa akipanda pwani kutaga mayai huacha alama ambayo mtu wa visiwani hawezi kuikosea: mburuzo mpana katikati, na pande zote mbili mapezi yake yamechimba mchanga. Hupanda, hutaga, hurudi majini, kwa hiyo alama huwa mbili. Hii ilikuwa moja. Ilitoka baharini, ikapita kati ya mashua zilizopinduliwa, ikapanda mpaka nyumbani kwao na kuishia mlangoni. Ya kurudi haikuwepo.

Bimkubwa, mama yake Sabir, alitoka akiwa na ufagio mkononi. Alikuwa na miaka sabini na ushei. Mwaka wa tisini na moja alikimbia Chula na Sabir mgongoni, akazeekea Mombasa, na miaka minne iliyopita alirudi na mwanawe huyohuyo, mkewe na mjukuu mmoja. Aliitazama alama ile kwa muda. Kisha akauweka ufagio chini, akaanza kuifuta kwa mguu, kutoka kizingitini kwenda chini.

"Mama, ni nini?" Safiyya aliuliza.

"Ni kasa tu, mwanangu. Tia mai mengine."

Hakumtazama usoni alipokuwa akisema hivyo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe ya matumbawe, ya baba zao. Wakati wa vita watu wenye bunduki waliipora kila kitu, hata komeo la mlango waling'oa, na tangu warudi Sabir alikuwa akisema kesho nitatia komeo, na kesho ya Sabir inajulikana kisiwa kizima. Basi mlango ulikuwa ukirudishwa tu. Kila jua likizama Safiyya aliurudisha kwa jina la Mwenyezi Mungu, na hilo lilimtosha, kwa kuwa Mtume ndivyo alivyoagiza: magharibi ikiingia wazuieni watoto wenu ndani mpaka sehemu ya usiku ipite, fungeni milango mkitaja jina la Mungu, funikeni vyombo mkitaja jina la Mungu hata kama ni kwa kulaza kijiti juu yake, kwani shetani hafungui mlango uliofungwa hivyo. Wapo wanaoyaona mambo haya kuwa ya watoto wa chuo cha Qurani. Safiyya hakuwa mmoja wao, ila kwake yalikuwa mazoea zaidi kuliko kitu cha kukifikiria.

Jioni ya Jumatatu hiyohiyo, binti yao Nuha, mwenye miaka saba, alikuwa nje akiwaingiza kuku bandani wakati adhana ilipoanza. Safiyya alimwita, hakuja. Alimwita tena, na mtoto akaja akasimama nje ya kizingiti, hatua moja, hasogei. Nywele zake zilikuwa zikichuruzika maji, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha.

"Nuha, ingia."

Mtoto alimtazama tu. Safiyya alimshika mkono akamvuta ndani. Mkono ulikuwa wa baridi, na pamoja na mtoto iliingia harufu ya mafuta ya kasa na mwani uliooza, ikajaa chumba, ikakaa humo.

Tangu usiku huo Nuha hakuweza kunywa. Maji ya birika, maji ya dafu, chai, kila kilichofika mdomoni mwake alikitema akilia kuwa ni chumvi. Nesi wa zahanati alimpima malaria, hakuna. Akamtia maji ya mshipani, na sindano ikachomoka yenyewe mara tatu, mara ya nne nesi akaondoka akisema atarudi, hakurudi. Jumatano midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka. Safiyya alichovya kitambaa katika maji akamgusa ulimi, na mtoto akapiga kelele kama aliyeunguzwa. Mtu akiona mwanawe anakufa kwa kiu mtungi ukiwa umejaa pembeni, akili humtoka, na Safiyya zilianza kumtoka.

Jumatano hiyo, adhana ya magharibi ilipokwisha, Nuha alikaa wima kitandani. Alizungumza kwa sauti yake mwenyewe, kwa adabu, kama mtoto aliyetumwa ujumbe.

"Sabir alisema kwa amri yangu. Basi na atii. Chano changu kiko wapi?"

Kisha akalala tena.

Safiyya alimgeukia mumewe. Sabir alikuwa amejibanza ukutani, na uso wake ulisema mambo mengi kabla ya mdomo.

"Sabir. Umefanya nini?"

Alisema, kwa kunong'ona, akitazama chini. Yeye ni mvuvi wa kasa, na Wabajuni wavuvi wa kasa huvua kwa samaki: humshika chazo, yule samaki mwenye kinato kichwani, wakamfunga uzi mkiani na kumfuga kwenye kidimbwi cha mwambani. Wakiona kasa humwachia, naye huenda kujibandika kwenye gamba la kasa, na wao huvuta. Kazi hiyo ina maneno yake. Baba yake Sabir alipokufa Mombasa hakuwa amemfundisha. Bimkubwa ndiye aliyeyahifadhi kichwani miaka thelathini na kumpa mwanawe waliporudi. Wavuvi wengine humwachia chazo kwa bismillahi. Wazee wa ukoo wao walimtaja mwingine, jini waliyesema anamiliki mwamba.

"Miezi mitatu sikuona kasa," Sabir alisema. "Zile meli kubwa za uvuvi zimekokota kila kichu. Wiki iliyopita nikamshika chazo, nikamwambia kama mama alivyonifundisha. Nenda kwa amri ya Mwenye Mwamba."

"Ukapata?"

"Watatu. Siku moja. Na desturi ni kwamba ukipata unapeleka chano, sinia ya sadaka, mwambani. Halua, marashi, na kuku achinjwe kwa jina lake." Alijifuta uso. "Kuchinja kwa jina la mwengine niliogopa. Nikaacha."

Maneno sita juu ya kichwa cha samaki. Kosa lilikuwa dogo kiasi hicho, na Safiyya alitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Alhamisi Sabir alikwenda Kismayo kwa boti ya mashine, akarudi na mwalimu Fardowsa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa akisomesha watoto Qurani na kuwasomea wanawake wagonjwa. Bahari ilimtesa njia nzima. Aliposhuka alitapika pwani mbele ya watu wote, akanawa, akauliza mtoto yuko wapi.

Alimsomea Nuha kwa saa nzima, mkono ukiwa juu ya paji la mtoto. Alipoinuka, Bimkubwa alikuwa amekaa mlangoni akimngojea.

"Mwalimu, wewe mwana wa mjini," Bimkubwa alisema. "Mimi nimeswali tangu sijavunja ungo. Baba zangu wameswali, na chano wakapeleka. Ni adabu tu kwa jirani. Apewe kuku wake, mwana anywe mai, tumalize."

"Mama, na huyo kuku atachinjwa kwa jina la nani?"

Bimkubwa aligeuza uso kumtazama mjukuu.

"Ukisema Allahu Akbar," Fardowsa alisema taratibu, "kisha ukachukua amri kwa mwengine, mkubwa ni nani? Hicho kichu hakina haja na kuku. Bahari nzima ni yake ya kula. Kinataka kutiiwa."

"Wewe huna mwana," Bimkubwa alisema.

"Sina," Fardowsa alikubali.

Safiyya alimfuata mwalimu jikoni. Alimshika ukingo wa buibui kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma. "Niambie kweli. Tukikataa kutoa chano, Nuha atapona?"

Fardowsa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Abayo," alisema, kwa neno la Kisomali la kumwita dada, "sitakudanganya. Sijui."

"Sasa tunatii kwa ajili ya nini?"

"Hicho kilichoko nje ndicho kinachoahidi. Nipe nikupe, ndiyo lugha yake. Mungu hakutwambia nipe nikupe. Ametwambia mtiini, na mumtii Mtume, na mkigombana juu ya jambo mlirudishe kwake na kwa Mtume wake. Hakusema mpaka mpate mnachotaka. Huyo mwana alikuwa wake kabla hajawa wako. Mimi pia naogopa. Unafanya ulivyoambiwa na mkono unatetemeka, basi. Hakuna zaidi ya hapo."

Safiyya alilia. Alimchukia mwalimu kwa dakika chache, akamchukia kweli kweli, kwa kuwa alikuwa ametaka uongo mmoja tu wa kushikilia. Kisha akajifuta na kuuliza afanye nini.

Yalikuwa mambo madogo hata ya kuaibisha. Watasoma Sura ya Baqara yote ndani ya nyumba kila siku, siku tatu. Maji yafunikwe kwa jina la Mungu. Magharibi wote wawe ndani na mlango urudishwe kwa jina la Mungu.

"Sina komeo," Safiyya alisema.

"Usitie. Ni vizuri hivyo. Mchu akiwa nje atasukuma, ataingia, hahitaji kufunguliwa. Asiyeweza kuusukuma huyo ndiye atakayewaomba mumfungulie. Msimfungulie, na msimvute kwa mkono."

Safiyya aliposikia neno mkono, alikumbuka jinsi alivyomvuta Nuha jioni ya Jumatatu.

Ijumaa magharibi kitu kilizunguka nyumba. Walisikia kikijiburuza mchangani, kizito, kinapumzika, kinaendelea, na kila kilipopita mlangoni kilitoa pumzi ndefu kama ya kasa anayetaga. Jumamosi kilizunguka kwa kasi zaidi, na Nuha, aliyekuwa hawezi hata kuinua kichwa, alikuwa akizungusha macho kukifuata ukuta kwa ukuta. Ngozi yake ukiibana haikurudi. Bimkubwa alikaa pembeni akimtazama mjukuu, hakusoma na wenziwe, hakula.

Jumapili walimaliza Baqara jua likiwa limebaki upana wa viganja viwili. Safiyya alifunika mtungi, bismillahi. Aliurudisha mlango, bismillahi. Alipogeuka kuwahesabu watu wake aliona Sabir, Fardowsa, Nuha kitandani. Mkeka wa Bimkubwa ulikuwa mtupu.

"Mama yuko wapi?"

Sabir aliangalia uani. Sinia ya shaba haikuwa msumarini, na bandani kuku mmoja mweupe hakuwepo. Kabla hajasema neno, adhana ilianza.

Walisali kwa haraka, wakiwa wamesimama karibu karibu kiasi kwamba mabega yaligongana. Adhana ilikuwa imenyamaza zamani na mburuzo haukuja, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko mburuzo, kwa kuwa masikio yalijitahidi kusikia kitu na hayakupata ila pumzi ya mtoto, fupi, kavu, yenye mapengo ambayo kila moja lilikuwa refu kuliko lililotangulia. Ndipo wakasikia nyayo za miguu, miguu ya mtu mzee anayevuta kandambili, wakaijua, na sauti wakaijua pia.

"Safiyya, mwanangu. Nifungulie."

Sabir alikuwa ameshainuka. Fardowsa alimshika kanzu.

"Sukuma, mama," Safiyya alisema. "Mlango haukukomewa."

"Siwezi. Nimeshika sinia kwa mikono miwili."

"Sukuma kwa bega."

"Bega laniuma. Sabir, baba, wamuacha mama yako nje na giza lakuya? Nimekwenda kwa ajili ya mwanao. Nifungulie."

Na Sabir akaanza kulia kama mtoto, mtu mzima mwenye ndevu, akisema ni mama, ni mama yangu, mtu hatakiwi kumwambia mamaye hata ah, na Fardowsa akimjibu kwa kunong'ona kwamba mama hutiiwa mpaka pale anapokuita umwasi aliyekuumba, na kama ni mama kweli ana mabega, asukume, na nje ile sauti ikaendelea, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliyelijua ila Bimkubwa, ikimkumbusha mgongo uliombeba kutoka Chula risasi zikilia, ikiomba, ikisihi, ikilia, na muda wote huo ule mlango mwepesi wa mbao, ambao kuku huusukuma kwa kifua na kupita, haukutikisika hata kidogo. Safiyya alipanda kitandani akamkumbatia Nuha. Alisoma alichokumbuka. Alipokosa cha kusoma alisema tu, Ewe Mola wangu, nimetii, nimetii, na hakujua kama alikuwa akiomba au akilalamika.

Nuha alijikunja. Alitapika maji ya bahari, mengi kuliko yanavyoweza kukaa tumboni mwa mtoto, yenye mchanga mweupe. Harufu ya mafuta ya kasa ilitoka chumbani mara moja, kama taa iliyozimwa. Mtoto akafumbua macho.

"Mama. Mai."

Safiyya alimpa kikombe. Akanywa. Akataka kingine, akanywa, na maji yakamteremka kidevuni, na wote watatu walimtazama akinywa kana kwamba hawajawahi kuona mtu akinywa maji.

Kwa furaha hiyo ndipo walipokosea. Giza lilikuwa limetulia, nje kulikuwa kimya, na Fardowsa alikuwa amesujudu. Sabir aliuvuta mlango. Bimkubwa alikuwa amesimama hatua moja nje ya kizingiti, sinia tupu mkononi, nywele zake zikiwa zimelowa chini ya mtandio. Alikuwa akitabasamu.

"Karibu, mama," Sabir alisema, na akamshika mkono akamvuta ndani.

Safiyya hakuliona hilo. Alikuwa amempa mgongo mlango, akimnywesha mwanawe, na Fardowsa alipoinuka alimkuta Bimkubwa tayari ndani, wote wawili wakadhani amesukuma mwenyewe.

Asubuhi maji ya mtungi yalikuwa matamu. Nuha alikula mkate wa mofa na kuomba samli. Fardowsa alipanda boti ya kwenda Kismayo mchana, akiwa ameshaanza kutapika kabla haijaondoka, na Safiyya alicheka kwa mara ya kwanza katika wiki nzima. Bimkubwa alishinda amekaa uani juani. Safiyya alimpelekea kikombe cha maji, naye akakipokea kwa mkono wa kushoto, akakiweka chini, hakunywa.

"Mama, ulikwenda mwambani?"

"Nilikwenda," Bimkubwa alisema kwa upole. "Maneno nilimpa mwanangu mimi. Nikasema nitachukua mimi amri yake, amwache mtoto. Chano kimepokewa."

Safiyya alimwonea huruma, akambusu mkono. Ulikuwa wa baridi, na akajiambia ni uzee.

Jua lilipoanza kushuka Sabir alikwenda msikitini kushukuru pamoja na wenzake. Bimkubwa aliinuka, akasema anakwenda nje kunawa. Safiyya alimwingiza Nuha, akafunika mtungi, bismillahi, akaurudisha mlango, bismillahi. Adhana ikapita. Alisali, akakaa na mwanawe kitandani, akaanza kumsuka nywele.

"Safiyya, mwanangu. Nifungulie."

Vidole vyake vilisimama. "Sukuma, mama. Mlango haukukomewa."

Mlango haukutikisika.

"Siwezi."

Nuha aliinua kichwa. "Mama, mfungulie bibi."

Safiyya aliutazama ule mlango. Alifikiri juu ya mkono wa baridi, kikombe kilichobaki kimejaa, kizingiti, na ghafla akajua nani aliyemwingiza jana na namna gani. Mwanamke aliyekuwa nje alimfundisha kupika, alimpokea Nuha alipozaliwa kwa mikono yake mwenyewe katika chumba cha kupanga Mombasa, na alikwenda mwambani kwa mapenzi. Sasa alikuwa akilia nje, kilio cha mzee, na Safiyya akalia ndani. Aliketi sakafuni, akaegemeza mgongo mlangoni na mtoto mapajani, akaanza kusoma.

Kisha akasikia viatu vya Sabir vikipanda kutoka msikitini, na sauti yake iliyojaa furaha.

"Mama, mbona umesimama gizani? Njoo, tuingie."

"Sabir," Safiyya aliita, akikaza miguu sakafuni, "usimshike mkono."

"Ni mama," Sabir alijibu, mkono wa mama mkononi mwake, na akaanza kuusukuma mlango.